Fundi Akikata, Watu Hunyamaza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema, asije mtu akadai nimejipamba. Baba yangu alikuwa nazo, babu alikuwa nazo, na yule babu wa babu aliyefika Buganda na msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani, nasikia yeye ndiye aliyezileta. Pamoja na hasira tumerithishana kazi moja, kukata kanzu. Sisi hatushoni suruali. Hatutii viraka. Mwenye begi lililoharibika zipu ateremke stendi, mafundi wako tele. Kwetu, kwenye mteremko wa Lubaga, ni kanzu tu, na wanaume waliokwenda kwa wakwe zao wamevaa kazi ya mkono wangu siwezi kuwahesabu. Najisifu? Najisifu. Lakini sidanganyi.

Mgeni wa Kampala huwa anashangaa. Anaona kanisa kubwa la Wakatoliki juu kilimani, na chini yake Mwislamu anawashonea Wakatoliki kanzu. Huku kwetu kanzu ni ya kila mtu. Siku ya kwanjula, yaani siku mwanamume anapokwenda na watu wake kujitambulisha nyumbani kwa msichana, hakuna cha Mwislamu wala Mkristo. Wote wanavaa kanzu yenye darizi nyekundu iliyokolea kifuani, na koti juu yake. Na kanzu hiyo lazima ifike kwenye kifundo cha mguu. Ikipungua, umeazima. Ikizidi, umeazima. Watu wa upande wa bibi harusi wanatazama miguu kwanza, nyuso baadaye.

Dukani tuko wanne. Kuna mimi. Kuna dada yangu, mjane, anayetia vifungo na kupinda mapindo, na anayesema analotaka kwa sababu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Kuna bwana mmoja Mkongomani, fundi wa darizi, mtu wa maneno matatu kwa siku. Na kuna mama mmoja mshonaji, mke wa askari magereza wa Luzira, watu wa kaskazini, aliyekuja kwangu miaka kumi na mmoja iliyopita na Kiswahili chake cha kambini. Siku ya kwanza nilimwuliza anajua kushona nini. "Yote, mzee. Kanzu tu bado." Nilicheka, nikampa cherehani ya pembeni. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimemhamishia kwenye cherehani ya dirishani, penye mwanga, na sikumwambia kwa nini.

Sheria ya duka langu ilikuwa moja, nayo niliirithi: fundi akikata, watu hunyamaza. Kitambaa kikishatandikwa mezani, kikakunjwa tabaka saba, nikashika mkasi nikasema Bismillahi, basi. Cherehani zinasimama. Redio inazimwa. Hata dada yangu, mdomo ule, anaufunga. Na anayekata ni mmoja tu, mwanamume wa ukoo wetu. Wanangu walishakwenda zao, mmoja Dubai, mwingine benki, kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa mimi. Sikuona tatizo lolote hapo.

Hata semina nilikwenda. Wenye biashara ndogo wa mtaa wetu tulialikwa kwenye ukumbi, tukapewa soda na kalamu, na mwalimu, kijana nadhifu, akatuambia tuandike kwenye karatasi jina la mtu atakayeendesha biashara zetu tukiumwa mwezi mzima. Wenzangu waliinama wakaandika. Mama wa saluni aliandika, mwenye mashine ya kusaga aliandika. Mimi niliiacha karatasi tupu, tena kwa fahari. Mwalimu akauliza, "Na wewe mzee?" Nikamwambia, "Mimi nikiumwa, duka linaumwa." Watu wakapiga makofi, nikanywa soda yangu nikarudi zangu nyumbani nimefura kichwa.

Sasa kuna jambo la aibu ambalo lazima nilitoe kabla sijaendelea. Mwaka wa pili wa yule mama dukani, nilikuwa nakata kitambaa cha hariri cha shehe mmoja mkubwa. Mkasi uko katikati. Yule mama akasema, "Mzee, hii kitambaa iko na doa." Mkono wangu ukaruka, kipande kikaharibika. Wee! Nilifoka mpaka wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakasimama kusikiliza. Nikamfukuza wiki nzima akakae kwao Luzira ajifunze adabu. Alipotoka niliinua kitambaa, nikaliona doa. Lilikuwa palepale aliposema, kubwa, la mafuta ya mashine. Nilikikunja kitambaa nikakificha. Aliporudi baada ya wiki akaniomba msamaha, na mimi, Mungu anisamehe, niliupokea.

Tangu siku hiyo hakuwahi kusema neno meza ikiwa na kitambaa. Nikianza kukata anasimama, mikono nyuma, kama mtu wa gwaride. Nilikuwa nawaonyesha wateja: "Mnaona nidhamu hiyo?"

Basi mtoto wake wa kwanza akapata mchumba, binti wa Kiganda, wazazi wake wanakaa upande wa Ggaba. Kijana mwenyewe ni mwalimu wa shule, mpole, lakini ukoo wa msichana haukufurahi. Kuna wazee huku kwetu ambao mpaka leo wakisikia Kiswahili wanasikia bunduki, maana zamani kilikuwa lugha ya wanajeshi. Waliambiwa mkwe wao ni mtoto wa nyumba za magereza, watu wa kaskazini, nyumbani kwao ni Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Senga wa msichana, yaani shangazi yake, ambaye kwa mila ndiye msimamizi wake, alisema mbele ya watu kwamba wageni hao hata kanzu wataivaa nyuma mbele. Maneno yakamfikia yule mama. Hakuyarudia kwa mtu ila kwa dada yangu, na dada yangu hana kabati la kuwekea siri.

Na kwa desturi, wazazi wa mwanamume hawaendi kwanjula. Wanatuma watu. Yule mama angebaki Luzira na mumewe, na ndugu zake wangepita kwenye lango la watu waliokwisha kuwacheka kabla hawajawaona. Hakuna kati yao aliyewahi kuvaa kanzu maishani mwake. Alichotaka ni kimoja tu: watu wake wasichekwe.

Nilimwambia, "Mama, kanzu za mwanao nitazikata mimi mwenyewe, na ufundi ni zawadi." Alipiga goti. Kesho yake akaja na karatasi, ameandika watu kumi na wanne, kila mmoja na urefu wake, amewapima kwa mkono wake kutoka begani hadi kifundoni. Nikamrudishia kicheko. "Mama, jicho langu ndilo futi. Nilikuwa nakata kanzu hujajua kushika sindano." Jicho hilo halikuwa limemwona hata mmoja wa watu hao, lakini nani angeniambia? Karatasi niliiweka chini ya chupa ya chai.

Jumatatu nikatandika. Nikachukua kigezo changu kikubwa kuliko vyote, kile cha inchi hamsini na nane, karatasi ngumu niliyoachiwa na baba, iliyoshika rangi ya kahawia kwa miaka. Nilisema Bismillahi, cherehani zikasimama, redio ikazimwa. Yule mama akasimama, mikono nyuma. Nilipoanza kuchora kwa chaki, alikohoa. Nikamtupia jicho. Akainamisha uso, nami nikakata. Tabaka saba, kisha saba tena. Ulikuwa mkato safi, wallahi, hakuna uzi uliopepea. Nilijipongeza kwa sauti.

Jumanne na Jumatano asubuhi tukashona. Yule mama alishona kimya kuliko kawaida yake, nami nikafikiri ni shughuli za harusi zimemchosha. Jumatano adhuhuri bwana harusi akaja kujaribu yake. Kwanza aliinama kupita mlangoni. Nilipoona anavyoinama, nikaikumbuka ile karatasi ya vipimo, lakini nikaipuuza. Akavaa. Akageuka kututazama.

Lahaula! Kanzu ilikuwa imeishia nusu ya muundi. Miguu ilikuwa nje, soksi zote nje. Mkongomani alitoa mlio mmoja wa kicheko, akauziba kwa mkono.

"Labda itanyooka ikipigwa pasi," kijana alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi.

Mimi, badala ya kujitazama, nilitafuta wa kumfokea. Hiyo ndiyo tabia, usinifiche nami nisikufiche. Nilitazama kitambaa, nikatazama kigezo, nikamtazama dada, nikamtazama Mkongomani. Mwisho nikamgeukia yule mama.

"Wewe uliona?"

"Niliona, mzee."

"Lini?"

"Jumatatu. Wakati mzee aliweka kigezo."

"Jumatatu! Na ukashona siku mbili? Mtoto ni wako! Mbona hukusema?"

Alisimama. Alinijibu bila hasira, na laiti angekuwa nayo.

"Mzee alikuwa anakata."

 Kijana alianza kuvua kanzu taratibu, kichwa kikakwama kwenye shingo, mama yake akaenda kumsaidia. Dada yangu akaweka sindano chini. Kila siku ya Mungu nilikuwa nawaambia watu wa duka, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dada akaniambia, "Kaka, leo guu lililovunjika ni la mkuu." 

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya nje. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwanamke yule alijua kwamba ndugu zake watachekwa, alijua tangu Jumatatu, na akaona afadhali hilo kuliko kusema mezani kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilitumia wiki moja na kelele nyingi kumfundisha, na alihitimu vizuri kuliko wanafunzi wote. Nilikuwa naita nidhamu, kumbe ilikuwa hofu iliyosimama wima. Nikalikumbuka lile doa la mafuta nililolikunja nikalificha.

Nikarudi ndani. "Mama, lile doa. Mwaka ule. Lilikuwepo."

"Najua, mzee," alisema. "Niliona."

Akaendelea kutia uzi kwenye sindano. 

Alhamisi asubuhi nilipanda boda mwenyewe mpaka Kikuubo, kule kwa wauza vitambaa wa jumla, nikapekua mpaka nikapata majora ya kitambaa kilekile, nikarudi nimeyabeba begani. Zile kanzu fupi tuliziweka kando, na usizionee huruma, watu wafupi hawakosekani Kampala. Nikatandika kitambaa mezani. Nikaenda kuchukua kigezo, nikasimama. Kigezo cha watu kama wale sina. Sijawahi kuwa nacho.

"Mama," nikasema, "ile karatasi yako ya vipimo…"

Hakwenda kwenye chupa ya chai. Alikwenda nyuma ya cherehani yake, akatoa mfuko, na ndani ya mfuko akatoa kigezo. Alikitengeneza kwa boksi la sabuni. Bega, kwapa, kiuno, pindo, inchi sitini na mbili kwa mrefu kuliko wote, na juu yake alama za mapindo ya wengine, mistari ya wino imenyooka, na alama ya darizi iko mahali pake. Nilikiweka juu ya kigezo cha baba yangu. Mkunjo wa shingo ulikuwa uleule. Miaka kumi na mmoja amesimama mikono nyuma, kumbe macho yalikuwa kazini.

"Kimekuwa hapa tangu lini?"

"Jumatatu, mzee. Nilisema, akiuliza nitatoa."

Nikamkabidhi mkasi. Nataka nikuambie nilifanya hivyo kwa moyo mweupe, lakini haki ya Mungu mkono haukutaka kuuachia. Ilibidi nivilazimishe vidole. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mzee, mimi si mtu wa ukoo. Na dini yangu…"

"Sema unayosema kwenu, kisha ukate. Jumamosi haitungojei."

Alifumba macho, akasema maneno machache ya lugha yao. Mkongomani akazima redio, cherehani zikasimama, kama ilivyo sheria. Yule mama akafumbua macho akashangaa.

"Mbona mnasimama? Shoneni. Washa redio." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mzee, ukiona nakosea, sema. Usingoje."

Usingoje! Mtu amekaa miaka kumi na mmoja ananingoja mimi niulize, na yeye hakunipa hata dakika moja ya kungoja.

Akatandika kigezo, akachora. Niliuma meno nikamtazama. Chaki ilikwenda sawa, bega sawa, kwapa sawa, ikateremka mpaka chini, na hapo nikaona hakuacha kitambaa cha kupinda.  Nilijua ninavyojisikia mimi mtu akinisemesha mkasi ukiwa mkononi.

"Pindo," nikasema. "Ongeza inchi mbili."

Alisimamisha mkono. Akatazama. "Kweli. Asante, mzee." Akafuta, akachora upya, akakata.

Ikaisha hivyo. Hakuna aliyefoka, hakuna mkono ulioruka, na redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nilitamani kulia. Jambo lenyewe ni jepesi namna hii, na mimi nimelilipia kwa nusu ya maisha yangu.

Na hakuishia kwenye kukata. Alipomaliza tabaka saba za kwanza alitazama duka, akauliza, "Sasa tufanye namna gani ili Ijumaa jioni tuwe tumemaliza?" Aliuliza kweli, si kwa kuwatega. Mkongomani, mtu wa maneno matatu, akafungua mdomo. Akasema sisi siku zote tunaunganisha kanzu ubavuni kwanza ndipo tunampa yeye atie darizi, na yeye anapigana na kitambaa kizima kilichojaa mapajani. Akipewa vifua vikiwa bado vimetandaa, kabla ya kuunganishwa, atamaliza kwa nusu ya muda.

"Tangu lini unalijua hilo?" nikamwuliza.

"Miaka mitatu, mzee."

Dada yangu alicheka mpaka akadondosha vifungo. Nami nikacheka, kwa uchungu lakini nikacheka. Yule mama akasema, "Basi wewe chukua vifua. Dada, mikono. Mimi nakata. Mzee, kaa cherehani, unganisha mabega." Mimi! Cherehani ya pembeni, ileile niliyompa siku ya kwanza, kwa sababu ya dirishani ilikuwa imejaa kazi zake. Nilikaa. Sikuwa nimepokea amri dukani humo tangu baba afariki. Nilishona mabega ishirini na manane, na mawili alinirudishia.

"Mzee, hii imeenda kombo kidogo."

Niliitazama. Ilikuwa imekwenda kombo. Nilifumua.

Ijumaa kabla ya magharibi kanzu kumi na nne zilikuwa kwenye kamba, zimepigwa pasi, darizi nyekundu zinang'aa. Nimezaliwa kati ya kanzu, lakini nilizunguka zile nikizitazama kwa nyuma na kwa mbele. Tulikuwa tumechoka hoi. Niliona fahari ambayo sikuwahi kuiona kwa kazi yangu mwenyewe, na nilikuwa na wivu kidogo pia. Vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Jumamosi asubuhi yule mama aliwavalisha watu wake kule Luzira, mmoja mmoja, na mimi nikajiunga nao kwa sababu alinialika niwe mmoja wa wasindikizaji. Alisimama uani, akatuhesabu kwa macho, akatuaga. Magari yakaondoka na yeye akabaki. Kama nilivyosema, mama haendi.

Nyumbani kwa wakwe tulipangwa foleni langoni. Watu warefu kumi na wanne, na mimi mzee mfupi nyuma yao. Wasichana wa nyumba walikuja kutubandika maua kifuani. Na senga akaja. Nilimtambua kabla hajaonyeshwa, busuti yake, gauni la heshima la Kiganda, ilivyosimama mabegani na macho yalivyoelekea chini moja kwa moja. Alianza na miguu ya wa kwanza. Kifundo. Wa pili, kifundo. Alitembea foleni nzima, na mimi jasho linanitoka mgongoni ingawa hewa ya ziwa ilikuwa baridi. Kwa bwana harusi alisimama. Akainama, akashika pindo, akaligeuza kutazama mshono wa ndani. Akaliachia. Akatuonyesha viti kwa mkono.

Lakini Baganda hawaachi mgeni akae bila kutaniwa. Tulipokwisha kukaa, msemaji wa upande wa bibi harusi akachukua maikrofoni. "Ndugu wageni," akasema, na watu walianza kucheka kabla hajafika kwenye utani wenyewe, "tumewaona. Mungu alikuwa na muda mwingi alipokuwa anawanyoosha. Ila sisi tunajiuliza, kanzu za urefu huo zinapatikana wapi? Mmezishona kwa mapazia ya kanisa?"

Watu wakavunjika mbavu. Ulikuwa utani wa heshima, utani wa kwanjula, unaojibiwa. Msemaji wetu akasema fundi yupo hapa hapa, na maikrofoni ikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu.

Nisikilize sasa. Nimeulizwa swali hilo maisha yangu yote. Kanzu hii kakata nani? Na jibu langu lilikuwa fupi, mimi. Nilisimama. Mdomo ulikuwa umeshazoea njia yake, na watu walikuwa wananitazama, nami nimevaa kanzu ya kitambaa kilekile. Hakuna ambaye angenisuta.

"Kanzu hizi," nikasema, "zimekatwa na mama wa bwana harusi. Hakugusa mapazia ya kanisa wala ya msikiti. Ni fundi wangu wa Lubaga, na mimi mwenye duka nilishona mabega tu. Mawili alinirudishia."

Kikapigwa kigelegele. Kilitoka kwenye mahema ya wanawake wa upande wao. Nilimtafuta senga. Hakupiga kigelegele, si mtu wa hivyo. Alikuwa anapiga makofi, polepole, anatazama pindo la bwana harusi. Niliketi nimevimba kama mtu aliyeoa yeye.

Tulirudi Luzira jua likiwa bado kali. Yule mama alikuwa uani kwake na ungo wa mchele mapajani, mchele ambao nadhani alikuwa ameuchagua mara nne. Alisimama na ungo mkononi.

"Walicheka?"

"Walitutania tu, mama. Kuhusu miguu hakuna aliyesema kitu. Senga mwenyewe aligeuza pindo akalitazama ndani, akakosa la kusema."

Akakaa. Akajifunika uso kwa leso, akalia. Mwanawe alichuchumaa pembeni yake. Nikamweleza habari ya maikrofoni, nikamweleza niliyosema.

"Mbele ya watu?" akauliza ndani ya leso.

"Mbele ya watu wote."

Akalia zaidi. Na mimi nilikuwa na neno moja limenikaa kooni tangu Ggaba. Njia nzima nilikuwa nalisukuma, niseme au ninyamaze. Siku kama hiyo, mama analia kwa furaha, nani mwenye akili atalitoa? Nikamtazama kijana, nikamtazama mama, nikalitoa.

"Mama. Kanzu ya yule mjomba mkubwa. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia. Kama inchi moja."

Kijana alinitupia jicho baya. Leso ikashuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa macho ya kazini.

"Inchi na nusu," akasema. "Niliona asubuhi, akiwa ameshapanda gari. Nikasema, ngoja nione kama mzee ataniambia."

Akafuta uso, akanivutia kigoda, akaniambia nikae nile.